Jamshid hakuwa mtawala wa Zanzibar, na tukilikubali hilo mjadala wa Mapinduzi unabadilika

Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifariki Muscat, Oman, tarehe 30 Desemba 2024 akiwa na miaka 95, na siku 13 baadae Zanzibar ikasherehekea miaka 61 ya Mapinduzi. Tarehe mbili kukaribiana hivyo zilitosha kabisa. Magrupu ya WhatsApp yakawaka, huku watu wanaposti picha ya kijana mwenye kilemba na joho wakiandika mfalme wetu wa mwisho Mungu amrehemu, kule wengine wanajibu kwamba huyo ndo alikuwa mkoloni mwenyewe, mnalia nini, Mapinduzi si yalifanyika ili kumng'oa yeye. Ubishi huu haujaisha, kila ikikaribia Januari 12 unarudi na kila ukikaribia uchaguzi unarudi zaidi, na kila ukirudi naona pande zote mbili zinakosea kitu kilekile. Wote wanampa Jamshid madaraka ambayo hakuwa nayo.

Msimamo wangu ni huu, na najua utawaudhi watu wa pande zote: sultani wa mwisho wa Zanzibar hakutawala. Alikuwa mkuu wa nchi wa kupokea saluti, kufungua Bunge na kusaini kilichokwisha amuliwa na mawaziri, basi. Anayemlilia kama mtawala aliyeporwa nchi anamlilia mtu mwingine, na anayemlaani kama dhalimu aliyekuwa anakandamiza wananchi anamlaani mtu mwingine pia. Na kosa hili si la kihistoria tu la kuwaachia maprofesa, manake tukimfanya Sultani ndo kila kitu, tunapata njia rahisi ya kutojadili kilichovunja nchi kweli, yaani namna viti vya Bunge vilivyogawanywa, namna serikali yenye wingi mdogo ilivyojiona imeshinda kila kitu, na nani alikuwa anashika funguo za ghala la silaha.

Turudi nyuma kidogo. Sultani mwenye nguvu kweli Zanzibar alikuwepo, lakini ni wa karne ya 19, zama za Seyyid Said na watoto wake, kabla Waingereza hawajaiweka nchi chini ya himaya yao mwaka 1890. Baada ya hapo kilichobaki ni kiti. Ushahidi mzuri ni wa Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki na Khalid bin Barghash akaingia jumba la kifalme bila ruhusa ya Waingereza. Manuwari zikapiga jumba lile asubuhi ya tarehe 27, vita haikumaliza hata saa moja, Khalid akakimbia na Waingereza wakamweka waliyemtaka, Hamoud bin Mohammed. Tangu asubuhi ile kila aliyekalia kiti kile alijua fika kwamba amekikalia kwa sababu London haina pingamizi. Khalifa bin Harub alikikalia kuanzia 1911 mpaka 1960, karibu miaka 49, na siri ya kudumu kwake ilikuwa ni kuijua mipaka hiyo vizuri. Akajijengea heshima ya mzee wa nchi, mtu ambaye hata waliokuwa hawaupendi usultani walikuwa wanamstahi yeye binafsi. Alipofariki akaja mwanawe Abdullah, mgonjwa, hakukaa hata miaka mitatu.

Hapo ndo anaingia Jamshid. Alizaliwa Unguja Septemba 1929, akasoma Alexandria kule Misri, na akarithi kiti tarehe 1 Julai 1963 akiwa na miaka 33. Angalia hiyo tarehe vizuri. Wiki moja tu kabla, tarehe 24 Juni, Zanzibar ilikuwa imepewa serikali ya ndani, na mwezi uleule wa Julai ukafanyika uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru. Yaani kijana anakabidhiwa taji wakati kila kitu kizito kimeshapangwa au kinapangwa na watu wengine: vyama vipo na vinachukiana tangu katikati ya miaka ya 50, machafuko ya Juni 1961 yameshaua watu 68, mipaka ya majimbo imeshachorwa, na mazungumzo ya uhuru ya Lancaster House kule London yanasubiri wanasiasa.

Uchaguzi huo wa Julai 1963 ndo moyo wa jambo lote na ajabu ni kwamba kwenye mabishano ya mitandaoni hautajwi sana. ASP (Afro-Shirazi Party), chama cha Abeid Karume, walipata kama asilimia 54 ya kura zote. Kwenye viti 31 wakaambulia 13. ZNP (Zanzibar Nationalist Party), ambao wengi tunawaita Hizbu, walipata kama asilimia 30 ya kura na viti 12, ZPPP (Zanzibar and Pemba People's Party) kama asilimia 16 na viti 6, wakaungana wakawa na viti 18 na Mohammed Shamte wa ZPPP akabaki Waziri Mkuu. ASP walikuwa wanashinda kwa kura za kumwaga kwenye majimbo yao, wenzao wanashinda kwa kubana lakini kwenye majimbo mengi zaidi. Kisheria hakuna wizi hapo, mfumo wa jimbo moja mbunge mmoja unaweza kutoa matokeo kama hayo popote, hata Uingereza kwenyewe imeshatokea chama kikapata kura nyingi na bado kikakosa serikali. Lakini mwambie mtu ambaye chama chake kina kura zaidi ya nusu, kwenye visiwa vya watu kama laki tatu wanaojuana kwa majina, kwamba anaingia kwenye uhuru akiwa mpinzani. Na mwambie hayo wakati anaamini, kwa haki au si kwa haki, kwamba walioshika serikali ni tabaka la wenye mashamba.

Sasa Jamshid anahusika wapi hapo? Kwa katiba ya uhuru, anamteua Waziri Mkuu yule anayeungwa mkono na wengi Bungeni. Shamte ana 18, Karume ana 13. Hamna cha kuchagua hapo. Tarehe 10 Desemba 1963 bendera ya Uingereza ikashuka mbele ya Prince Philip, ikapanda bendera nyekundu yenye duara la kijani na karafuu mbili ndani yake, tarehe 16 Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa siku moja na Kenya, na baada ya hapo serikali ikaendelea na mambo yake. Serikali, si Sultani. Ni serikali ya Shamte iliyoanza kuwapunguza kazini polisi wa kutoka bara, watu wenye mafunzo ya silaha wakajikuta mtaani na hasira zao. Ni serikali hiyo iliyoipiga marufuku Umma Party ya Abdulrahman Babu mwanzoni mwa Januari. Na ni serikali hiyo iliyoingia kwenye uhuru bila jeshi na bila mkataba wa ulinzi na Uingereza. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 watu waliokuwa na silaha za jadi tu wakaiteka kambi ya polisi Ziwani na ghala la Mtoni, na asubuhi redio ikawa na sauti ya John Okello, kiongozi wa wapiganaji hao. Siku 33 tangu uhuru.

Sultani akapanda meli yake na familia, akafika Mombasa na Kenya ikakataa asishuke, ikabidi aende Dar es Salaam ambako aliruka kwenda Uingereza. Msaada wa kijeshi ulioombwa kwa Waingereza haukuja. Mawaziri waliobaki ndo walilipa bei, Ali Muhsin Barwani wa Hizbu kwa mfano alikaa magereza ya bara miaka kumi. Na raia wa kawaida, hasa wenye asili ya Kiarabu na Kihindi, waliuliwa kwa maelfu, idadi yenyewe mpaka leo inabishaniwa, na hilo nalitaja kwa sababu kuna watu ukisema Sultani hakuwa na madaraka wanadhani unataka kupunguza ukubwa wa kilichotokea. Kwangu mimi linaongeza uzito, manake waliokufa walikufa kwa jina la kuung'oa utawala wa mtu ambaye hakuwa anatawala.

Haya, tusikilize upande wa pili, na tuanze na hoja yao yenye nguvu. Wanasema ishara si kitu kidogo. Ukoo wa Al Busaid ulijenga utajiri wake kwenye mashamba ya mikarafuu yaliyolimwa na watumwa, soko la watumwa limefungwa 1873 na utumwa kufutwa kisheria 1897, yaani mwaka 1963 kulikuwa na wazee hai waliozaliwa utumwani. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwona mtu wa ukoo uleule amesimama jukwaani siku ya uhuru kama mkuu wa nchi, na mkuu wa kurithi, asiyepigiwa kura na mwanawe atakuja baada yake, ni tusi hata kama katiba inasema hana nguvu. Mimi hoja hii naikubali karibu yote. Mkuu wa nchi wa namna hii kazi yake pekee ni kuwa kioo ambacho wananchi wote wanajiona ndani yake, sasa kama zaidi ya nusu wakijitazama hawajioni, basi kazi imemshinda kabla hajaianza, na si lazima awe mtu mbaya ili imshinde. Khalifa angeweza labda kuiziba hiyo nyufa kwa heshima yake ya nusu karne. Mjukuu wake Jamshid alikuwa na miezi sita na siku chache jumla.

Kuna hoja nyingine nzuri ya kisheria. Zanzibar haikuwa koloni, ilikuwa dola ya Sultani chini ya himaya ya Uingereza, kwa hiyo himaya ilipoondoka, kinadharia nchi ilirudi kwa mwenyewe. Hapo ndipo inapotoka ile kauli tuliyokua nayo kwamba uhuru wa Desemba ulikuwa uhuru wa Sultani. Na ndo hapa mimi nashuka kwenye basi, kwa sababu hoja imeanza vizuri ikaishia vibaya. Himaya iliondoka siku ileile katiba mpya ilipoanza kazi, na katiba hiyo ilimfunga Sultani afuate ushauri wa mawaziri. Alichopewa kwa mkono wa kulia kilichukuliwa kwa mkono wa kushoto kabla hajakishika. Kama uhuru ule ulikuwa na kasoro, na mimi naamini ulikuwa nayo kubwa, kasoro ilikuwa kwamba ulikabidhiwa kwa muungano wa vyama uliopata chini ya nusu ya kura bila kuwekewa utaratibu wowote wa kugawana madaraka na wengi waliobaki nje. Hiyo ni kasoro ya Shamte, ya Ali Muhsin, ya ASP pia ambao walipasuka wenyewe kwa wenyewe wakazaa ZPPP, na zaidi ya wote ya Waingereza waliokuwa na haraka ya kufunga mizigo. Kumbandika Jamshid ni kuwaachia wote hao waende zao.

Hoja dhaifu kuliko zote inatoka kwa mashabiki wake, kwamba eti angekuwa na madaraka kamili angeiokoa nchi. Angeiokoa na nini? Jeshi halipo, polisi nusu hawamtaki, Waingereza wamemwambia hapana. Na zaidi ya hapo, mtu anayesema hivyo anasahau kwamba Sultani mwenye madaraka kamili ndo kitu ASP walichokuwa wanawatisha wafuasi wao nacho kila siku. Ungempa hayo madaraka, Mapinduzi yangepata sababu bora zaidi kuliko waliyokuwa nayo.

Mfano mzuri wa jinsi jina lake lilivyobeba mambo ya wengine ni Mwambao wa Kenya. Ukanda wa pwani wa maili kumi kisheria ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza waliukodi tu tangu 1895. Oktoba 1963 London ukasainiwa mkataba wa kuukabidhi kwa Kenya, na wapo watu wa Mombasa mpaka leo wanaosema Jamshid aliuza pwani. Soma barua zenyewe zilizobadilishwa kabla ya mkataba: zimeandikwa kati ya Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wawili, na humo ndo kuna ahadi za kulinda Mahakama ya Kadhi na hatimiliki za ardhi za watu wa pwani. Ukitaka kubishana kuhusu ahadi zile kutekelezwa au kutotekelezwa, wa kuwauliza ni serikali zilizosaini na zilizofuata. Dola ya Sultani ilikuwa kwenye karatasi, maamuzi yalikuwa kwa wanasiasa.

Kitu kingine kinachotufanya tusimwelewe ni kwamba Afrika Mashariki hatujawahi kukaa na mkuu wa nchi asiye na madaraka kwa muda wa kutosha kumzoea. Tanganyika ilikuwa na Malkia na Gavana Jenerali Richard Turnbull kwa mwaka mmoja tu, Desemba 1962 Nyerere akawa Rais mtendaji. Kenya hivyohivyo, Malcolm MacDonald mwaka mmoja, Desemba 1964 Kenyatta akachukua vyote. Uganda ndo walijaribu kweli, wakamfanya Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, kuwa Rais mwaka 1963 na Obote Waziri Mkuu, na kila mtu anajua ilipoishia: Mei 1966 jeshi likavamia Lubiri, jumba la Kabaka, Kabaka akatoroka na akafia London 1969. Tofauti ya Mutesa ni kwamba yeye alikuwa na Buganda nyuma yake, alikuwa mchezaji ndani ya uwanja huku amevaa nguo za refa, na Obote alimpiga kama mchezaji. Jamshid hakuwa hata na hicho. Kwa sababu ya historia hiyo, mtu wa huku akisikia neno rais au sultani moja kwa moja anamwona mtu mwenye amri ya jeshi, hazina na magereza, hawezi kufikiria kiti kikubwa kisicho na kitu chini yake. Waitaliano na Wajerumani wanao marais ambao raia wengi nje ya nchi zao hata majina hawayajui, na hakuna anayewabebesha sera za serikali.

Maisha yake ya baada ya hapo yanathibitisha jambo hili kuliko katiba yoyote. Alikaa Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, zaidi ya nusu karne. Hakuunda serikali ya uhamishoni ya kueleweka, hakuongoza jeshi la kurudi, aliishi kama mzee wa mtaa. Oman ilipokea watu wengi waliokimbia Zanzibar, baadae na baadhi ya familia yake, lakini yeye mwenyewe hawakumtaka kwa miongo, manake hata mfalme asiye na nchi ni mzigo kwa mfalme mwenye nchi. Mpaka Septemba 2020, akiwa anagonga miaka 91, ndo akaruhusiwa kuhamia Muscat. Na ona ilivyokuwa huku nyumbani: kwa miaka yote hiyo, kuanzia vyama vingi vilipoanza, kampeni za Zanzibar zilikuwa na ile nyimbo ya wapinzani wanataka kumrudisha Sultani. Mzee yuko Portsmouth anazeeka taratibu, na huku jina lake linatumika kuwatisha watu waliozaliwa miaka thelathini baada ya yeye kuondoka. Sasa amekufa, na sidhani kama tishio litakufa naye, litatafutiwa jina jipya tu.

Ndo maana naona faida ya kumweka Jamshid kwenye ukubwa wake halisi ni ya leo zaidi kuliko ya jana. Ukimtoa katikati ya picha, kinachobaki ni maswali ambayo Zanzibar haijayamaliza: mipaka ya majimbo inachorwa na nani, tume ya uchaguzi inaaminiwa na nani, na aliyekosa serikali kwa tofauti ndogo anapewa nini cha kumfanya abaki ndani ya nyumba. Maridhiano ya 2009 kati ya CCM na CUF na kura ya maoni ya Julai 2010, ambapo karibu theluthi mbili walisema ndiyo, yalikuwa jaribio la kwanza la kweli la kujibu swali hilo la tatu. Yakazaa Serikali ya Umoja wa Kitaifa na cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama cha pili.

Na cheo hicho nacho kiangaliwe kwa macho makavu. Makamu wa Kwanza ana msafara, ana ofisi, ana itifaki, lakini kikatiba ni mshauri wa Rais na hana wizara nzito wala vyombo vya ulinzi mkononi. Maalim Seif wa CUF alikikalia kuanzia 2010, uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa cheo hakikumsaidia chochote, chama chake kikasusia marudio ya Machi 2016 na umoja ukafa mpaka ulipofufuliwa mwishoni mwa 2020. Machi 2021 akaingia Othman Masoud wa ACT-Wazalendo, na wafuasi wa chama chake walipokosa kitu walimuuliza yeye kwa nini hajakileta, wa chama kingine walipoudhika na serikali walisema na wenzenu si wamo humohumo. Tumetengeneza tena mtu wa kubeba lawama za maamuzi asiyoyafanya, safari hii kwa makusudi na kwa jina la amani. Kwa hiyo mjadala wa katiba utakapofunguliwa, kabla watu hawajaanza kugombania nani akalie viti hivyo, iandikwe kwanza Makamu wa Kwanza ana sauti gani kwenye uteuzi wa tume ya uchaguzi na kwenye vyombo vya ulinzi, na kama jibu ni hana, basi chama cha pili kiambiwe hivyo mapema na wazi, kabla hakijaingia serikalini.